Jina Kwenye Mstari wa Pili

Jumatatu, 2 Desemba 2002

Daftari hili nimelinunua dukani kwa Mohammedraza, chini ya ofisi, kwa sababu mtu asiyeandika huja kusingiziwa. Leo nimeanza kazi. Ofisi ni vyumba viwili ghorofani, hapa Lindi mjini. Kimoja cha bosi, Bwana Valentini, kingine chetu mimi na Sada. Bosi alikuwa mtu wa maji serikalini mpaka walipopunguzwa, akafungua kampuni yake ya kupima mahali pa kuchimba visima. Sada anapiga chapa barua, anachemsha chai, na anajua habari za mji mzima. Mimi ni wa kompyuta.

Kiti nilichopewa kilikuwa cha Klementi. Amekufa Oktoba, homa ya siku nne tu. Kikombe chake bado kipo dirishani, na shati lake linaning'inia nyuma ya mlango. Sada anasema visiguswe mpaka vipelekwe kwao. Sawa. Mimi Restuta siogopi kikombe.

Jumatano, 4 Desemba

Kazi yenyewe: kuna programu ya kuchora modeli ya maji yaliyo chini ya ardhi. Unaiambia udongo ukoje, bahari iko wapi, kisima kiwe wapi, nayo inakokotoa maji yatakavyokwenda miaka kumi mbele. Sasa hivi tuna kijiji kimoja tu, Kibambo, upande wa Kilwa, mahali ambapo mkono wa bahari umeingia ndani kama kidole. Mvua zikiisha mtambo utakuja kuchimba. Utachimba pale ramani yetu itakaposema.

Programu ikifunguka, juu kabisa pameandikwa: Mtumiaji, chitanda. Nikamuuliza Sada, Chitanda ndiye nani? Akabetua midomo. "Hapa hajapita mtu wa jina hilo, shoga. Labda ndivyo walivyoibatiza huko ilikotoka."

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya faili za bosi, si juu yangu. Nashukuru.

Jumatatu, 9 Desemba

Bosi amekuja kutazama modeli akaja juu. Kisima kimechorwa mlimani, robo saa ya kutembea kutoka kijijini. "Nani kakiweka huko? Kirudishe barabarani, karibu na soko! Kibanda cha pampu nimeshakijenga, mwenyekiti wa kijiji keshapiga picha mbele yake."

Nikakisogeza barabarani. Programu ikaanza kukokotoa yenyewe, bila kuombwa. Kutoka ule mkono wa bahari ikatoka rangi nyekundu, polepole, mwaka wa kwanza, wa pili. Mwaka wa tatu ikakifikia kisima, ikakizunguka, ikakifunika. Nyekundu ni chumvi. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake. Akasema, "Hiyo ni hitilafu. Marehemu hakuwa mtaalamu." Akaenda zake.

Nimehifadhi kazi, nimezima mashine kwa mkono wangu.

Jumanne, 10 Desemba

Kisima kimerudi mlimani.

Jumatano, 11 Desemba

Jana nilikisogeza tena barabarani, nikahifadhi mara mbili, nikamwita Sada ashuhudie. Leo asubuhi kiko mlimani. Sada amejitia shughuli za chai, hataki kuitazama mashine. Nimemwambia asinitie wazimu, kompyuta ni bati na nyaya. Akajibu, "Mimi nimesema neno?"

Jumatatu, 16 Desemba

Hakuna umeme siku ya nne. Mohammedraza amewasha jenereta lake, ametuvutia waya, lakini kwa taa tu.

Ijumaa, 20 Desemba

Umeme umerudi, na leo nimejifunza jambo. Kwenye mtoto wa meza nimekuta karatasi za Klementi kuhusu namna programu inavyoamshwa. Ni hivi: programu hii imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na Java ikiamka haijui chochote. Wewe ni nani? Nyumba yako iko wapi? Majibu yanaandikwa katika faili dogo la kuamshia, mstari mmoja mmoja, kila mstari ukitanguliwa na alama ya -D. Nimelifungua:

-Duser.home=C:\nyumba\chitanda
-Duser.name=chitanda
-Dmodeli.chumvi=ndiyo

Basi! Nyumba ni folda tu, mahali programu inapoweka kumbukumbu zake. Ziko mbili humo: C:\nyumba\klementi na C:\nyumba\chitanda. Ya Klementi ina modeli yenye kisima barabarani, chumvi imezimwa, ramani nyeupe pee. Ya Chitanda ndiyo hii ninayoiona kila siku.

Nimecheka peke yangu mpaka Sada akachungulia. Mzimu wenyewe mistari mitatu.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimemweleza bosi. Akafurahi, akanipiga bega. "Safi sana, binti. Sasa ule mstari wa tatu andika hapana." Nikauliza, je, ile chumvi si kweli? Akanitazama kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko makelele. "Restuta, watu wa Kibambo wanakunywa maji ya dimbwi na ng'ombe. Kisima cha barabarani watakipata mwakani. Cha mlimani nitaanza upya kuomba kibali, mpaka lini? Miaka mitatu ya maji matamu si haba."

Nimeandika hapana. Nimeandika na jina langu mahali pa chitanda, na nyumba mpya, C:\nyumba\restuta. Nyekundu imepotea. Ramani ilikuwa nzuri, naandika ukweli.

Jumatatu, 23 Desemba

Mtumiaji, chitanda. Kisima mlimani. Chumvi, ndiyo.

Nilibaki nimekaa na mkoba begani. Mvua ilikuwa imeufanya mji mweusi saa mbili asubuhi, na kioo cha mashine ndicho kilichokuwa kinatoa mwanga chumbani. Sada alisimama mlangoni, akasema bismillahi, akateremka dukani, hakupanda tena mpaka adhuhuri.

Mimi nilibaki. Lakini nilihamisha kiti, nisiupe mlango mgongo. Nyuma ya mlango ndiko liliko lile shati.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Misa, wali, mvua.

Jumanne, 7 Januari 2003

Tangu turudi nimefuta jina lile mara tano. Mara tano limerudi. Nalifuta jioni, asubuhi lipo.

Alhamisi, 16 Januari

Bosi kanituma kijijini Nyangamara nipeleke vitu vya marehemu kwa mama yake. Nitakwenda Jumamosi, barabara ikiruhusu.

Jumapili, 19 Januari

Niandike ya Nyangamara.

Mama yake anaitwa Benadetha, mama mwembamba, mrefu, mwenye nembo usoni, zile chale za zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanikalisha mkekani pamoja na wanawake wawili wa jirani. Alipokea shati akalikunja upya, ingawa nililikunja vizuri. Alipokea kikombe. Tukala muhogo na karanga. Mambo yalikuwa mazuri, nami nikataka kumfurahisha kwa kumsifu mwanawe, kwamba mashine yake bado inafanya kazi vizuri. Kisha mdomo wangu huu, ambao mama yangu aliukanya tangu nikiwa mdogo, ukauliza, "Na Chitanda ni nani, mama? Maana jina lake ndilo linaloamsha ile mashine."

Wale wanawake wawili waliinama papo hapo. Mama Benadetha aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kanga, akainuka, akaingia ndani. Akafunga mlango.

Mmoja wa wale wanawake alinishika kiwiko, akanivuta mpaka njiani kwenye mvua. "Wewe ni Mmakonde wewe? Hukufundwa? Hilo ni jina lake la utotoni!"

Mungu wangu. Nafahamu, na nani kwetu hafahamu? Mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la zamani hutupwa. Ukimwita nalo umemtukana, atakupiga hata kama ni rafiki yako. Kaka yangu mwenyewe jina lake la kwanza silijui mpaka leo. Na mimi nimelitamka la mtu aliyekufa, mbele ya aliyemzaa.

"Na kwa marehemu ni vibaya zaidi," yule mama akasema. "Akiitwa kwa lile la kwanza hugeuka. Anadhani hajafika popote bado. Mnaliita mara ngapi huko?"

Nikasema, kila asubuhi.

Akaachia kiwiko changu.

Jumatatu, 20 Januari

Sikuiwasha mashine leo. Nimesema naumwa kichwa, na ni kweli.

Jumanne, 28 Januari

Barabara ya Dar imekatika. Mtambo wa kuchimbia umekwama Ndundu unangojea kivuko, mto umefurika. Bosi anazungukazunguka ofisini. Mimi nauombea mto uzidi kufurika, Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Februari

Nimelipata!

Nilikuwa nalitafuta kwa hasira, kwa maana nimechoka kuogopa kitu kinachochomekwa ukutani. Kila kompyuta inapowashwa husoma kwanza orodha yake ya maagizo. Mwishoni mwa orodha, baada ya mistari mingi mitupu ambayo mtu hawezi kuteremka nayo bila sababu, Klementi aliongeza agizo moja: nakili kila kitu kutoka folda iliyofichwa, ufute kilichopo, uweke cha zamani. Basi kila asubuhi mashine ilikuwa inaturudishia faili lake la kuamshia na nyumba ya Chitanda. Tarehe ya agizo ni siku mbili kabla ya homa kumlaza.

Hakuna mzimu. Kuna mtu aliyekuwa na akili, na alikuwa anaogopa kama mimi. Bosi alimwambia azime chumvi, akaizima chini ya jina la Klementi ambalo kila mtu analijua. Ile kweli akaiweka chini ya jina ambalo hakuna mtu wa kwao atakayethubutu kulitaja, na ambalo mtu baki hawezi kulijua. Sasa naona alivyofikiri. Ndani ya jina lililotupwa jandoni ndimo alimoificha kweli. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nimeinama miezi miwili.

Sikulifuta agizo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ningelifuta, bosi ndiye angeshinda.

Alhamisi, 13 Februari

Nimewasha. Chitanda. Nimesema kimoyomoyo, samahani kaka.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua usiku na mchana, ukuta wa ofisi umeota ukungu. Mtambo bado Ndundu.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja. Mama Benadetha. Kutoka Nyangamara, kwa miguu nusu ya njia kwa sababu ya matope, ameloa, hakutangulia kutuma mtu. Bosi alikuwa msibani, mtaa wa Mtanda. Sada alimpa kanga kavu na chai, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba Sada alikaa nasi mbele ya mashine.

Nilimpigia magoti, nikaomba radhi. Akasema, "Inuka. Sikuja kwa hilo. Nionyeshe mahali mnapomwitia."

Nikawasha. Yeye hajui kusoma, nikamwonyesha kwa kidole bila kulitamka. Aliangalia zile herufi muda mrefu. Kisha nikamwonyesha modeli: hapa soko, hapa mlima, hii nyekundu ni chumvi. Nikasogeza kisima barabarani aone. Rangi ikatambaa mpaka ikakifunika. Nikakirudisha mlimani, rangi ikasimama mbali.

"Hiyo ndiyo kazi yake?" akauliza.

"Ndiyo mama. Watu wa Kibambo wasije wakanywa chumvi. Hakuweza kusema, akaificha."

Hapo akalia. Hakupiga kelele, machozi yalikuwa yanateremka tu naye ananiangalia. "Alikuwa mtoto mwoga," akasema. "Jina lile nililitupa mimi mwenyewe siku alipotoka jandoni, nikamwambia mwoga amebaki porini. Kumbe alibaki naye." Akajifuta. "Mwanangu, litoe humo. Tangu Oktoba naota kuna mtoto anagonga mlango. Mtoto, si mtu mzima. Litoe, apumzike."

Nikamweleza shida yangu. Nikilitoa, kinachobaki ni nyumba ya Klementi, na humo chumvi imezimwa. Kweli yote iko ndani ya lile jina. Programu inataka jina la mwenye nyumba, na ndilo linalochapwa chini ya ramani. Haliwezi kuwa tupu, na kuliweka la Klementi ni kumwita marehemu vilevile.

"Basi weka lako."

Sada akasema, "Shoga, fikiri kwanza."

Mama Benadetha akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi kwa mvua. "Mimi sikufichi. Ukiliweka lako, ndilo litakaloitwa. Sijui mashine hizi, lakini mambo ya kuita nayajua."

Nilisema nitafikiri. Usiku huu analala kwangu, ataondoka kesho asubuhi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imepungua. Bosi anapiga miluzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mtambo umevuka Ndundu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya. Niandike kwa mpangilio, kwa ushahidi.

Bosi ametangulia Kibambo, ameniagiza nichape ramani ya barabarani, chumvi ikiwa imezimwa, nimkabidhi mchimbaji akija kuichukua. Ofisi ilikuwa tupu, Sada yuko benki. Nimefungua orodha ya maagizo, nimeteremka ile mistari mitupu yote, nimefuta agizo la Klementi. Nimefuta folda iliyofichwa. Modeli ya mlimani nimeihamishia C:\nyumba\restuta. Nyumba ya Chitanda nimeifuta. Kisha faili la kuamshia:

-Duser.home=C:\nyumba\restuta
-Duser.name=restuta
-Dmodeli.chumvi=ndiyo

Mstari wa pili nimeuandika mwisho. Nimezima, nimewasha. Mtumiaji, restuta. Nimezima, nimewasha tena. Restuta. Nikasema kwa sauti, "Nenda salama, kaka Klementi." Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mizani ya Mohammedraza chini ikigonga.

Nimechapa ramani mbili: kisima barabarani na nyekundu yake, kisima mlimani bila nyekundu. Saa nane akafika mchimbaji, Mzee Faustino, buti zimejaa tope jekundu. Nikamwamkia, nikampa zote mbili, nikamweleza. Akasoma chini ya karatasi. "Restuta ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Bosi wako anajua?"

"Hajui. Lakini waonyeshe watu wa Kibambo kabla hujachimba. Wao ndio watakaokunywa."

Akazikunja ramani akazitia kifuani. "Mimi nachimba wanapotaka wenye kunywa," akasema.

Liwalo na liwe.

Ijumaa, 11 Aprili

Limekuwa. Wanawake wa Kibambo wameangalia ile nyekundu, wakasema sisi ndio wabeba ndoo, na robo saa si safari. Mwenyekiti amegeuka pamoja nao haraka kuliko kinyonga, na kibali kasema atakifuata mwenyewe. Bosi amerudi jioni, hakunifokea. Alisema tu, "Kalamu zako zichukue, Jumatatu usije." Nilichukua kalamu. Mashine nimeiacha imezimwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Benadetha ameniletea karanga debe zima. Anasema sasa analala. Hodi ile haisikii tena.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee Faustino ametuma salamu: maji yametoka Kibambo, matamu, wanacheza ngoma. Nimelia kama mjinga. Kisha nimefua nguo, jua limetoka.

Jumatano, 14 Mei

Sada alikuja leo mchana. Alikataa chai. Nikajua kuna neno, maana Sada hajawahi kukataa chai.

Anasema bosi amempa kiti changu yeye, afundishwe taratibu. Akaikuta programu inasema restuta. Bosi akalifuta, akaandika valentini. Kesho yake, restuta. Akafuta. Restuta. Akaita fundi, naye akasafisha mashine yote, akaweka kila kitu upya kutoka kwenye diski. Fundi alipokwisha akaiwasha, akageuka akauliza, "Restuta ni nani?" Sasa bosi ameifunika kwa kitambaa cha meza, na ikifika saa mbili asubuhi, saa tuliyokuwa tunaiwasha, haingii chumba kile.

"Umewaachia agizo, shoga? Lile la kunakili? Niambie tu, sitasema."

Nikamwambia sikuacha. Lile moja lililokuwapo nililifuta kwa mkono wangu, Jumatatu ile, na nimeliandika humu. Nilifungua daftari nikamwonyesha. Akasoma. Akalifunga taratibu, akanirudishia.

Kuna jambo sijamwambia. Tangu wiki iliyopita, kila siku kwenye saa mbili asubuhi, niwe nafagia, niwe sokoni, nasikia mtu ananiita jina langu, mara moja, kwa sauti ya kawaida tu. Nami nageuka.

"Mwambie bosi asiifunike kama maiti," nilimwambia Sada mlangoni. "Mwambie niko hai."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka, bila kunipa mkono.